Mashine Iliyosema Sawa

Sogeeni, jamaa zangu, na mwenye chai aipulize taratibu, maana kisa hiki kinaanzia mahali pa kimya.

Kilikuwa chumba cha nyuma, cha nyumba ya kawaida, katika mtaa wenye mifereji na paka kama mitaa mingine. Ndani yake lilisimama kabati kubwa la mbao lenye mlango wa kioo, na ndani ya kabati, trei juu ya trei, yalilala mayai. Taa ya rangi ya chungwa iliyamulika. Feni ndogo ilivuma kama mtu anayeimba kafunga mdomo. Joto la mle lilikuwa lile la shingo ya mtoto aliyelala. Ukiingia na hasira, unatoka na miayo. Inasemekana mume na mke waliokuwa wakielekea kwa wazee kuachana walipita humo kuuliza njia, wakasinzia wameegemeana, na walipoamka hakuna aliyekumbuka ugomvi ulihusu nini.

Kabati hilo lilikuwa mashine ya kutotolea vifaranga, na mwenye mashine alikuwa Mama. Wanawake wa mtaa walimletea mayai yao, kila mmoja akiyatia alama yake kwa penseli: huyu duara, huyu nyota, na mshona nguo wa kona, jani. Zikipita wiki tatu wanakuja kuchukua vifaranga, na Mama anabakiza wachache kuwa ujira wake. Nyumba nzima ilikula, ikavaa na ikasoma kwa hao wachache.

Pembeni ya kabati, kwenye kiti cha kukunja, aliketi binti yake, kompyuta mapajani. Jina lake la shule lilikuwapo, lakini hakuna aliyelitumia. Aliitwa Bingwa. Yeye ndiye aliyeandika programu iliyolinda joto la mayai: kipimajoto, kijiti chembamba chenye waya, kilipima hewa ya ndani, programu ikasoma kipimo, ikawasha hita au ikaizima. Kwenye skrini ilionekana namba moja, na chini ya namba, kwa kijani kibichi cha kupumzisha macho, neno moja: Sawa.

Bingwa alipenda kulitazama neno hilo mpaka kope zinalegea. Sawa. Lilikuwa kama mkono wa mtu mgongoni mwako, ukikupigapiga ulale.

Sasa niwaambie ubingwa wake ulitoka wapi. Katika nyumba ile waliamini kwamba ujuzi hutoka na mtu tumboni, kama rangi ya macho. Mama alikuwa na mkono wa mayai, wa kuzaliwa nao, hakufundishwa na mtu. Na Bingwa alikuwa na kichwa cha mashine. Ushahidi ulikuwa redio. Bingwa akiwa bado hajaota jino, aliwekwa karibu na redio iliyokuwa bubu. Akaigusa kwa kiganja, redio ikasema. Hivyo ndivyo Mama alivyosimulia mwanzoni. Hadithi nayo ilikuwa na miguu. Mtoto alipoanza shule, redio ilikuwa imesema na kutoa salamu. Alipomaliza, redio ilikuwa imesoma taarifa ya habari yote, na mtoto akamsahihisha mtangazaji.

Baba mtu, fundi wa baiskeli, alikuwa akisikiliza hadithi hiyo huku akifuta grisi vidoleni. Hakuongeza neno. Watu walidhani ni unyenyekevu.

Ubingwa wa kuzaliwa ni kazi nzuri, ila haina likizo. Bingwa akifungua kompyuta, Mama anafukuza watu kama anafukuza kuku. "Tokeni, tokeni, mwanangu anaandika."

"Anajifunza nini leo?" mgeni akiuliza.

"Hajifunzi huyo," Mama anajibu kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani. "Anakumbuka."

Mlango unafungwa. Na nyuma ya mlango, jamaa zangu, Bingwa hakuwa akikumbuka chochote. Alikuwa akikosea. Alikosea asubuhi, alikosea mchana, na kila alipokosea kompyuta ilimtolea mstari mwekundu wa kumwambia ni wapi. Watu wote wa kazi hiyo huuona mstari huo kila siku ya maisha yao. Ndio mwalimu wao. Lakini kwa Bingwa wekundu ule ulikuwa kama nguo yake ya ndani kuanikwa barabarani. Aliyezaliwa na kazi hiyo hakosei. Akikosea, basi hakuzaliwa nayo. Na kama hakuzaliwa nayo, yeye ni nani katika nyumba hii?

Kweli alikuwa mwepesi. Tusimnyang'anye haki yake: aliyoyashika kwa wiki moja wengine waliyashika kwa msimu mzima. Wepesi huohuo akautumia kutafuta dawa ya mstari mwekundu, akaipata. Aliandika ndani ya programu agizo la namna hii: ukikwama popote, nyamaza, shikilia namba uliyoisoma mwisho, endelea kusema Sawa.

Wasioijua kazi hii, fikirini mlinzi wa geti ambaye tajiri wake amemwambia, "Ukiona mwizi, piga saluti, useme usiku mwema."

Basi programu ikawa haijawahi kulalamika. Mama alileta wageni waione. "Tazameni. Ya watu wengine inagombana nao kutwa. Ya mwanangu, kimya!"

Palikuwa na mahali ambapo Bingwa angeweza kuponyeshwa mapema. Juu ya duka la vifaa vya ofisi kulikuwa na chumba walichokutana waandika programu kila Jumamosi asubuhi. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke mwenye mvi, aliyeanza kazi hiyo kompyuta zikiwa na ukubwa wa kabati la nguo. Walimwita Bibi Kosa, kwa sababu kila kikao alikifungua kwa swali moja: "Haya, nani ana kosa zuri leo?" Hapo mtu anainuka, anaiweka kazi yake mbovu ukutani kwa projekta, na wote wanaichambua kama wanawake wanaopepeta mchele, huku wakicheka.

Bingwa alikwenda mara moja tu. Siku hiyo Bibi Kosa mwenyewe ndiye aliyeweka kosa lake ukutani, na mtu mwenye umri wa mjukuu wake akamwonyesha alipopotea. Bibi akapiga makofi kwa furaha. Bingwa aliona aibu kwa niaba yake. Alirudi nyumbani akasema, "Wale hawana kipaji, Mama. Wanakosea mbele ya watu."

"Masikini," Mama akasikitika. "Wengine ndivyo walivyoumbwa."

Ikaja siku ya mvua.

Ilikuwa mvua ya mchana, ile ndefu isiyo na haraka. Asubuhi Mama alikuwa amegeuza mayai kama kawaida, na mkono wa gauni lake ukanasa waya wa kipimajoto, ukauchomoa. Hakuona. Dakika hiyo hewa ya kabati ilikuwa imefika joto lake, na programu ilikuwa imezima hita ipumzike. Kipimajoto kikanyamaza. Programu, kwa utiifu, ikashikilia namba ile ya mwisho. Joto limetosha, ikajiambia, na hita ikabaki imezimwa.

Sawa, ikasema skrini. Sawa.

Bingwa alisinzia kitini. Akaota yuko ndani ya yai, yai kubwa kama ukumbi, kuta zake nyeupe zikipitisha mwanga kama pazia la asubuhi. Nje watu walimwita. Alitaka kujibu lakini kila alipofungua mdomo lilitoka neno moja tu, Sawa, la kijani, likaelea kama jani juu ya maji, na wale wa nje wakasema, "Haya, kama yuko sawa tumwache," nyayo zao zikaenda mbali. Ukuta ukawa baridi mgongoni mwake. Akagonga. Akagonga kwa kidole, kwa ngumi, kwa pua, lakini ukuta wa yai lile ulikuwa wa kioo.

Wakati anaota, Mama aliingia kunyata. Aliuweka mkono juu ya kioo cha kabati, mkono ule wa mayai unaojulikana mtaa mzima, na mkono ukamwambia: hapa pamepoa. Mama akakunja uso. Akatazama skrini. Sawa. Akautazama mkono wake mwenyewe kama mtu anayemtazama mtoto aliyesema uongo, akaufuta kwenye kanga, akatoka polepole asimwamshe mwanawe.

Hapo ndipo ilipo ajabu ya watu hawa. Mtu aliuamini ubingwa wa mwanawe mpaka akaukana mkono wake.

Mchana ukasonga. Kilichomwamsha Bingwa ni sauti ya Shangazi, dada wa Baba, mwanamke mnene mwenye baridi yabisi, aliyezoea kuja kuotesha miguu yake karibu na kabati.

"Wifi! Wifi yangu weee! Chumba mmekigeuza jokofu? Miguu yangu imekataa kuingia!"

"Shusha sauti," Mama akamwambia. "Bingwa yumo kazini. Na soma pale basi, imeandikwa Sawa."

"Mimi sikuja kusoma, nimekuja kuota joto." Akafungua kabati bila kuomba ruhusa, akatoa yai, akaligusisha kwenye kope ya jicho lake, maana kope haidanganyiki kwa joto. "Mama yangu! Baridi kama pua ya mbwa!"

Bingwa alisimama, kompyuta nusura imwanguke. Aliangalia namba. Haikuwa imetikisika tangu asubuhi. Moyo wake ukajua kabla ya kichwa.

"Umeme," alisema. "Umeme ulikatika."

"Umeme!" Mama akapokea haraka, kama mtu anayedaka sahani. "Mimi nilijua tu ni umeme."

Shangazi akainua kidole kuelekea juu. "Ulikatika kwa mayai peke yake? Mbona feni inavuma? Mbona taa inawaka? Au umeme wa siku hizi unachagua wa kumnunia?"

Baba alikuwa amefika mlangoni, mikono na grisi yake. Akainama, akaingiza kichwa kabatini, akatoka ameshika ncha ya waya. "Umechomoka," alisema.

"Sasa kama umechomoka," Mama akauliza, naye aliuliza kwa nia safi kabisa, "mashine mbona haikusema?"

Mvua ilisikika juu ya bati. Bingwa alitazama trei: duara, nyota, jani.

"Niliiambia isiseme," alijibu.

"Uliiambia nini?"

"Niliiambia ikikwama inyamaze, Mama. Iseme sawa."

"Lakini kwa nini? Wewe si hukosei?"

"Mimi hukosea kutwa!" Sauti ikampasuka. "Kutwa, Mama! Unapofunga mlango ule, mimi nakosea huku ndani. Sikumbuki kitu. Sijawahi kukumbuka kitu."

Mama alikaa juu ya ndoo. Na Bingwa, machozi yakimshuka, akafunga kompyuta kama mtu anayefunga jeneza. "Basi sina kipaji. Imejulikana. Sitaigusa tena."

Oneni, jamaa zangu, jinsi imani ile inavyouma pande zote mbili. Ukifanikiwa, huruhusiwi kujifunza. Ukikosea mara moja, huruhusiwi kuendelea.

Shangazi akamgeukia Mama. "Wifi," alisema, "mweleze mtoto habari za uji."

"Uji gani?"

"Usinitolee macho. Uji wa mayai ya kwanza." Akamgeukia Bingwa. "Mama yako huyu, mwaka alioolewa, alitotolesha mayai kwa taa ya chemli ndani ya sanduku. Akazidisha moto. Yalikuwa bado mabichi, hayajashika hata damu, akayachemsha yote! Tukayala asubuhi, tukayala mchana, tukayaponda kwenye uji. Tulikula mayai mpaka baba yako akaanza kuogopa kutaga. Ya pili akayapoza. Ya tatu alisahau kuyageuza. Mkono wa kuzaliwa! Mkono ule ulizaliwa jikoni kwangu, nikiona kwa macho yangu. Mficha uchi hazai, wifi. Sema."

Mama aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika, na haikujulikana mara moja kama analia au anacheka.

Baba akakohoa. "Na betri nilibadilisha mimi."

Wote wakamgeukia.

"Betri gani?" Mama akauliza.

"Za redio. Niliweka mpya, nikaenda kunawa mikono. Niliporudi mtoto kaigusa, na wewe unapiga vigelegele."

"Miaka yote hii ukanyamaza?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri," alisema Baba.

Hapo Mama alicheka kweli, akacheka mpaka akalia, na akiwa bado analia akainuka. "Mwanangu, kama ningeacha baada ya uji ule, kabati hili lisingekuwepo. Inuka. Kuku mwenyewe huyaacha mayai akaenda kula, na akirudi hupata watoto. Nipe mkono wako."

Akauweka mkono wa binti juu ya kioo, wake juu yake. Baba alirudisha waya, hita ikawashwa, na Mama akamfundisha joto linavyorejea, kwa upole, bila pupa. Kisha wakafunga mapazia, wakayamulika mayai kwa tochi, moja baada ya jingine. Ndani ya mwanga ilionekana mishipa myembamba kama mito kwenye ramani, na katikati doa jeusi. Kwenye trei za juu, doa likatikisika. Likatikisika jingine. Kwenye trei ya chini, palipopoa zaidi, madoa yalitulia tuli, na mayai yale yote yalikuwa na alama ya jani.

Mvua ilipokatika, Mama na Bingwa walikwenda kwa mshona nguo wa kona. Bingwa ndiye aliyesema, bila kutaja umeme. Mshona nguo alisimamisha cherehani. Hakugomba. Alikwangua kipande cha uzi mezani kwa ukucha.

"Yule kuku mwenyewe ameshakufa," alisema. "Ndiyo yalikuwa mayai yake ya mwisho."

Basi. Neno hilo Bingwa alirudi nalo nyumbani, na hata leo analo.

Jumamosi alipanda ngazi za duka la vifaa vya ofisi. "Haya, nani ana kosa zuri leo?" Bibi Kosa akauliza. Bingwa akainua mkono, akaiweka programu yake ukutani, akasoma kwa sauti agizo la kunyamaza, akawaambia na habari za jani. Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akasema, "Dada, hii si programu, hii ni mume wangu. Nyumba inaungua, yeye sawa, sawa!" Chumba kizima kikaangua kicheko, na Bingwa akashangaa kuona kicheko kile hakimkati popote.

"Bibi," aliuliza kilipotulia, "wewe ulizaliwa nayo kazi hii?"

"Mimi nilizaliwa na kelele tu," alijibu Bibi Kosa. "Mengine nimeyakuta huku. Wewe una mbio, nimeona mistari yako. Ila mwenye mbio hujikwaa kama mwingine, na hujikwaa kwa nguvu zaidi. Njoo kila Jumamosi, na usituletee mazuri yako."

Walishirikiana kuiandika upya. Baba akatoa kengele ya baiskeli, wakaifunga kwenye mota ndogo ya umeme, ili programu ikipoteza kipimo igonge. Siku ya kwanza ya majaribio iligonga mpaka watu wa mtaa wakatoka nje wakidhani wamefikiwa na msafara wa harusi wa baiskeli.

Mayai yalichelewa siku moja, kisha yakaanza kugongwa kutoka ndani, polepole, kama wageni wenye adabu. Chumba kilikuwa na joto tena. Shangazi alikuwa amenyoosha miguu, Mama amesinzia, taa ya chungwa ikiwaka juu ya manyoya yenye umajimaji. Vifaranga wa duara na nyota walikuwa wa wenyewe, isipokuwa ule ujira mdogo wa Mama. Na ujira huo wote ulikuwa umeshapangiwa kwenda kwa mshona nguo.

Ghafla kengele ikalia, grin grin grin! Wote wakakurupuka. Kifaranga mmoja, hajakauka vizuri, alikuwa ameudonoa waya wa kipimajoto mpaka ukatoka. Na kwenye skrini, kwa wekundu mkali usio na haya, mashine ilikuwa imeandika neno jipya ambalo Bingwa aliifundisha kwa mkono wake mwenyewe:

Sijui. Njooni mtazame.

Wakaenda wakatazama.

FUNZO

Watu huulizana kama kazi ya kuandika programu mtu huzaliwa nayo au huipata kwa mazoea. Wengine huzaliwa wepesi, hilo tusibishane. Lakini wepesi haukulinda hata yai moja. Wala miaka peke yake haifundishi, maana Bingwa alikaa miaka na kazi hiyo mlango umefungwa, na miaka ikapita juu yake kama maji juu ya bata. Kinachomkuza mtu ni kosa alilolitazama usoni, mbele ya wanaoweza kumsaidia kulisoma.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msiwavike watoto ubingwa kabla hawajajikwaa. Mtoto akisifiwa kwa alivyozaliwa, atatumia akili yake yote kuficha alivyo. Msifuni alipojaribu, ketini naye alipoharibu, na mwambieni habari za uji wenu. Na wewe unayejifunza, usiifundishe mashine yako kusema sawa, wala usijifundishe mwenyewe.

Na siku mtoto wenu akigusa redio bubu ikasema, shangilieni, hakuna ubaya. Ila kwanza muulizeni baba yake kama amebadilisha betri.